Kengele, Jando na Mnada: Jinsi Kanisa la Parokia Lilivyokuwa Uwanja wa Watu

Siku ya Jumamosi, katika mji wowote mkubwa wa Tanzania au Kenya, kanisa moja la parokia linaweza kupokea jeneza saa nne asubuhi, bibi harusi saa nane mchana na wanakwaya wa mazoezi jioni. Nje, chini ya mwembe, kamati ya mazishi inabishana na mwenye maturubai juu ya bei. Katika chumba cha katekisimu akina mama wanahesabu fedha za mfuko wao. Kesho yake, kabla ya baraka ya mwisho, mwenyekiti wa mtaa ataomba dakika mbili atangaze chanjo ya watoto, na hakuna atakayeshangaa.

Wengi hudhani kwamba kanisa lilipewa kazi zote hizi na mafundisho yake. Historia inaonyesha vingine. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, katika kanuni yake ya 1210, inasema mahali patakatifu ni pa ibada, na matumizi mengine yanahitaji ruhusa, tena kwa tukio moja moja. Kilicholifanya kanisa kuwa uwanja wa watu hapa kwetu ni jambo la kawaida zaidi: kila mara jamii ilipokosa mahali pake pa kukutania, au iliponyang'anywa, ilibisha hodi kanisani.

Kabla ya misheni

Wakristo wa mwanzo hawakuwa na makanisa, walisali majumbani. Karne ya nne, baada ya Kaizari Konstantino kuwapa uhuru wa kuabudu mwaka 313, walihitaji majengo makubwa. Hawakuiga hekalu la Kirumi, ambalo lilikuwa nyumba ya mungu na umati ulibaki nje. Waliiga basilika, yaani ukumbi wa serikali ambamo kesi zilisikilizwa na wafanyabiashara walikubaliana bei. Tangu mwanzo, basi, jengo la kanisa lilikuwa na umbo la ukumbi.

Hatua ya pili ilikuwa ya kalamu na karatasi. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliamuru kwamba ndoa halali ifungwe mbele ya paroko na mashahidi, itangazwe kwanza mbele ya waumini, kisha iandikwe katika rejista. Kabla ya hapo watu wawili waliweza kuoana kwa maneno yao tu, na mzozo ukitokea mara nyingi hakukuwa na ushahidi. Agizo hilo, na mengine yaliyolifuata, ndiyo yaliyoifanya parokia kuwa mtunza kumbukumbu za watu: nani kazaliwa, nani kaoa nani, nani kafa. Wamisionari walipopanda meli kuja pwani yetu karne tatu baadaye, walikuja na umbo la ukumbi na desturi ya rejista. Hawakuja na watu wa kuujaza ukumbi huo.

Rabai, 1846

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, na wote wawili wakapewa na wazee wa Rabai ruhusa ya kukaa jirani na kaya yao. Hapo walijenga nyumba, wakafungua shule, wakaanza ibada.

Watu hawakuja. Rebmann alikaa mpaka mwaka 1875, karibu miaka thelathini, na waliobatizwa katika muda huo walikuwa wachache mno. Vitabu vya misheni vililaumu ugumu wa mioyo. Mimi naona sababu nyingine. Warabai walikuwa na kaya, na ndani ya kaya mlikuwa na mahali pa wazee kukaa shauri, pa kuombea mvua, pa kuhukumu na pa kuzikia wakubwa. Mtu mwenye uwanja wake ana haja gani na ukumbi wa mgeni? Mmoja wa wa kwanza kuitikia alikuwa Mringe, mlemavu mgonjwa, mtu ambaye jamii yake haikuwa na nafasi kubwa ya kumpa. Katika habari hii watu wa namna hiyo ndio watakaotangulia kila mara.

Bagamoyo, 1868 hadi 1874

Waliolijaza kanisa walikuwa watu waliong'olewa kwao. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja na kuanzisha misheni Bagamoyo, bandari ambako misafara ya pembe na watumwa iliishia. Walikomboa watu, hasa watoto, na kuwaweka katika kijiji ambacho mpaka leo kinakumbukwa kama Kijiji cha Uhuru. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na mrima wake, kikabomoa sehemu kubwa ya kilichokuwa kimejengwa. Kanisa la mawe lilisimama mwaka huohuo.

Fikiria hali ya wakazi wa kijiji kile. Mmoja alitoka Unyamwezi, mwingine Nyasa, mwingine Manyema. Hakuna aliyekuwa na mjomba wa kupokea mahari wala shangazi wa kumfunda mwali, na hakuna aliyejua kaburi la babu yake liko wapi. Vijana walipofika umri wa kuoa, mapadre waliwafungisha ndoa na kuwapa makazi kijijini. Padre alisimama mahali pa ukoo, na kanisa likawa mahali pa ua wa nyumbani. Utaratibu huo ulikuwa na ubaya wake, kwa kuwa aliyekukomboa ndiye aliyekupangia kazi, ibada na hata mchumba. Lakini arusi, maziko na sikukuu za watu wale havikuwa na paa jingine.

Tarehe 24 Februari 1874 mlango wa kanisa hilo ulifunguliwa kwa ajili ya mgeni. Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao walifika na maiti ya David Livingstone, aliyekufa kijijini kwa Chitambo mwezi Mei mwaka uliotangulia. Walikuwa wameikausha na kuibeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia hadi pwani. Maiti ya Mskoti Mprotestanti ililazwa usiku ule katika kanisa la Wafaransa Wakatoliki, enzi ambayo madhehebu hayo mawili hayakuwa yakisalimiana kwa urahisi. Hakuna mtaguso ulioitishwa kujadili jambo hilo. Palikuwa na maiti, palikuwa na wabebaji waliochoka, na nyumba kubwa ya kuwapokea ilikuwa moja. Mnara wa kanisa hilo bado upo na unaitwa kwa jina la Livingstone, ingawa kwa haki ungeitwa kwa jina la waliombeba.

Kengeleni, 1875 hadi 1889

Ng'ambo ya Mombasa hali ilifanana. Baada ya mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi, na watu waliookolewa walihitaji pa kushukia. Chama cha misheni cha Waanglikana, CMS, kikaanzisha kijiji cha Frere Town. Pamoja na waliookolewa walikuwapo Waafrika waliolelewa na kusomeshwa Bara Hindi, kama George David na William Jones, ambao ndio walioendesha sehemu kubwa ya kazi wakati wazungu wakifa kwa homa au wakirudi kwao.

Kengele yao ilitundikwa kwenye mnara wake peke yake. Iliita watu sala, na wenyeji husimulia kwamba iliwaonya pia wanapokuja wateka watumwa. Mnara huo uko mpaka leo kwenye makutano ya barabara ambayo kila kondakta wa matatu ya Nyali na Kisauni anayajua kwa jina la Kengeleni. Kwa miaka mingi, katika vigango visivyoweza kununua kengele, kipande cha reli au ringi ya gari iliyoning'inizwa mtini ilifanya kazi hiyohiyo: ibada, msiba, moto, mkutano, kila kimoja na mlio wake.

Rabai nako kulibadilika. Kuanzia miaka ya 1870 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia misheni, na ukimya wa siku za Rebmann ukaisha. Mabwana walikuja kudai mali yao. Mzozo ulitulizwa tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipolipa fidia na kuwagawia zaidi ya watu elfu moja hati za uhuru, hapohapo Rabai. Misheni iliyokosa waumini kwa sababu wenyeji walikuwa na kaya yao sasa ilikuwa na umati wa watu wasio na kaya yoyote.

Masasi: jando linaingia kanisani

Bara, wamisionari walikutana na watu ambao hawakung'olewa, wenye ngoma zao, wazee wao na miaka yao ya jando. Hapo ndipo ubishi halisi ulipoanza.

Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na misheni ya Waanglikana ya UMCA kwa ajili ya watu walioachwa huru kutoka Unguja. Mwaka 1882 ilishambuliwa na Wamagwangwara, yaani Wangoni, na mwaka 1905 ikaharibiwa tena wakati wa Vita vya Maji Maji. Kila mara ilijengwa upya, na kila mara waumini wake walizidi kuwa Wayao, Wamakua na Wamakonde wa palepale. Mapadre Waafrika walikuwapo mapema: Cecil Majaliwa alipadirishwa mwaka 1890 na akafanya kazi Chitangali miongoni mwa Wayao. Hao walijua jambo ambalo askofu wa Kiingereza alichelewa kulitambua: mvulana asiyepitia jando, hata awe amebatizwa na kupewa kipaimara, kijijini ni mtoto. Hasikilizwi, na kuoa ni taabu.

Misheni ilikuwa na njia tatu. Kupiga marufuku jando, na kupoteza vijana. Kufumba macho, na kuwaacha waende porini kwenye mafundisho ambayo padre aliyaita machafu. Au kuwaona wakienda kwa walimu wa Kiislamu, ambao walikuwa na jando lao, na kijana aliyeingia humo alitoka Mwislamu. Njia hiyo ya tatu ndiyo iliyowatia hofu zaidi.

Suluhu ilikuwa jando la Kikristo. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, ndiye anayetajwa vitabuni, naye aliandika na kulitetea Uingereza. Mawazo na kazi, hata hivyo, vilitegemea mapadre Waafrika kama Kolumba Msigala, ambao walikuwa wamepita jandoni wenyewe na walijua kipi kinaweza kuondolewa na kipi kikiondolewa hakuna tena jando. Kambi ilibaki na ngariba akabaki, lakini padre naye alikuwamo, sala na mafundisho ya dini vikachukua nafasi ya yale yaliyokataliwa. Wavulana walipotoka, furaha yao ilikuwa ya kijiji na ya kanisa kwa pamoja.

Kwa wasichana mpango haukufaulu vile. Mafundisho ya unyago yalikuwa mikononi mwa wanawake wazee, na misheni, iliyoongozwa na makasisi wanaume, haikuwa na nafasi kubwa ya kukaa nao na kujadiliana. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha mpaka wa uwezo wa kanisa: liliweza kuipokea sherehe pale tu wenye sherehe walipokuwa ndani ya uongozi wake.

Jirani zao wa kaskazini, nchini Kenya, walipata somo kali zaidi. Mwaka 1929 misheni za Kiprotestanti katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka waumini waape kuacha ukeketaji wa wasichana. Jambo lenyewe halilingani na la Masasi, maana ukeketaji uliumiza na kuua, na waliotaka uachwe walikuwa na hoja ya haki. Lakini amri ilikuja kutoka juu, na ilichanganyikana na manung'uniko ya ardhi. Maelfu waliondoka, wakaanzisha makanisa na shule zao wenyewe. Mtu akifungiwa mlango, hata kwa sababu nzuri, hujenga nyumba nyingine.

Mlimani, na mnada baada ya ibada

Kilimanjaro ilimpata Bruno Gutmann, Mlutheri wa misheni ya Leipzig, aliyefanya kazi huko kuanzia 1902 hadi 1938 akiwa na vipindi vya kurudi Ujerumani. Gutmann aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe aliviweka, na usharika ujengwe juu yake badala ya kuvivunja. Wakosoaji wake walisema alipenda mno Uchagga wa zamani na kuogopa mji na shule. Walikuwa na haki kiasi. Lakini desturi ya kukaa uwanjani baada ya ibada, kupatana, kupashana habari na kupanga kazi za pamoja, ilishika mizizi.

Katika sharika nyingi za KKKT, kanisa lililoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba ya Kilutheri, mtu akienda leo atakuta mnada. Ndizi, kuku, mayai na mbuzi waliotolewa sadaka hunadiwa nje ya mlango. Kuku mmoja anaweza kununuliwa, kurudishwa na kununuliwa tena, na bei inapanda huku watu wakicheka. Wageni huona biashara. Wenyeji wanajua ni baraza: hapo ndipo utajua nani amerudi kutoka Dar es Salaam na nani wamepatana baada ya kesi ya mpaka, na aliyelala hospitali hutajwa hapo ili achangiwe.

Ngoma, Kiswahili na jumuiya, 1963 hadi 1976

Upande wa Wakatoliki mlango wa ndani ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati yake juu ya liturujia ilitoka Desemba 1963, na ndani ya miaka michache Kilatini kikaachia Kiswahili nafasi. Ngoma na kayamba, vilivyokuwa vimeambiwa vibaki nje, viliingia pamoja na vigelegele. Arusi ya kanisani ilianza kusikika kama arusi.

Huko nje, taifa jipya lilikuwa na mipango yake. Tanzania ilitaifisha shule za misheni mwishoni mwa miaka ya 1960, na kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu. Vijiji vya Ujamaa vilikuwa na ofisi yao na uwanja wa mikutano wa chama. Sasa mwanakijiji alikuwa na mahali rasmi pa kukutania ambapo hapakuwa pa dini, na kanisa likapungua kuwa mahali pa Jumapili, ubatizo, ndoa na maziko. Rais Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, hakulificha suala hilo: mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, alilitaka Kanisa lisimame na maskini katika mapambano yao au likubali kupitwa na wakati.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, wakikutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976, walichagua njia ya kushangaza. Badala ya kujenga makanisa makubwa zaidi waliamua kuligawa lile lililopo: jumuiya ndogondogo, familia chache zinazokutana nyumba kwa nyumba. Mashariki ya Kongo wanaziita shirika. Matokeo yake yanaonekana zaidi msibani. Mtu akifa, wa kwanza kufika ni wanajumuiya. Wao ndio wanaopika, wanaochimba na wanaokwenda kumwambia paroko. Asiyefika jumuiyani hujua shida yake siku hiyo, maana barua ya mwenyekiti wa jumuiya ndiyo inayofungua mlango wa kanisa. Kuna parokia zinazotumia barua hiyo kwa ukali usio na huruma, na watu wameaga wapendwa wao nyumbani kwa sababu ya michango isiyolipwa. Hilo ni doa, nalo linajulikana.

Nairobi, 1990 hadi 1997

Kenya ilikwenda njia nyingine. Kule, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni, na leseni ilitoka kwa watu wa serikali. Mahali pekee ambapo mamia waliweza kukusanyika kila wiki bila kibali palikuwa ibadani. Ndiyo sababu mahubiri yakawa siasa. Tarehe 1 Januari 1990 mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri alihubiri akilinganisha kuanguka kwa tawala za chama kimoja Ulaya Mashariki na hali ya Afrika, na nchi nzima ikatikisika.

Mwishoni mwa Februari 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa, Monica Wamwere miongoni mwao, walianza mgomo wa kula Uhuru Park wakiwa pamoja na Wangari Maathai. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya machozi. Baadhi ya kina mama walivua nguo zao mbele ya polisi, laana ambayo kijana yeyote aliyelelewa anaijua. Ng'ambo ya barabara lilisimama Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Jiwe la msingi la kanisa hilo liliwekwa mwaka 1917 na gavana wa kikoloni, na kwa miaka mingi lilikuwa kanisa la walowezi na maofisa. Provosti wake, Peter Njenga, aliwafungulia. Walikaa katika chumba cha chini ya kanisa karibu mwaka mzima, mpaka karibu wana wao wote wakawa wameachiliwa mapema 1993.

Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jengo kubadili wenyewe. Jiwe la gavana liligeuka kuwa dari ya akina mama wa vijijini waliokula, kulala, kuimba na kupokea wageni humo. 

Tarehe 7 Julai 1997, siku ya Saba Saba, waliodai mabadiliko ya katiba walikatazwa kukutana, wakaingia kanisani humo kusali. Polisi waliwafuata ndani, wakatupa gesi ya machozi na kuwapiga watu kati ya viti. Njoya alikuwa mmoja wa waliopigwa. Picha zake zilienea ulimwenguni. Serikali iliyokuwa imevumilia lawama nyingi haikuweza kuivumilia hii, na kabla mwaka haujaisha mapatano ya vyama bungeni yalikuwa yamebadilisha sheria: badala ya kuomba leseni ya mkutano, ikatosha kutoa taarifa. Baada ya hapo wanasiasa wa upinzani walikuwa na viwanja, na hawakuhitaji tena kujificha nyuma ya zaburi.

Rwanda, 1994

Katikati ya miaka hiyo Rwanda ilionyesha upande wa pili, nao ni mchungu kuuandika. Katika mauaji ya awali, kuanzia 1959, waliokimbilia kanisani mara nyingi walinusurika. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyowapeleka Watutsi tena Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, na wauaji waliijua pia. Nyamata na Ntarama, maelfu waliuawa ndani na kuzunguka makanisa waliyoyaamini. Nyange, jengo liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliokuwamo. Padre wa hapo, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa ya Arusha mwaka 2008.

Baada ya hapo swali lilikuwa la matumizi: jengo kama hilo linaweza kurudia arusi na ubatizo? Nyamata na Ntarama waliamua hapana, na leo ni kumbukumbu. Kibuye ibada ziliendelea, na ukumbusho ukajengwa kando. Sioni kwamba mtu wa nje ana haki ya kusema nani alipatia.

Mimbari na bahasha, 2017 hadi 2024

Karne hii imeleta mabishano ya aina nyingine. Kongo, tarehe 31 Desemba 2017, waumini walitoka parokiani baada ya misa kudai uchaguzi, na gesi ikawafuata makanisani. Sababu ilikuwa ileile ya Nairobi, maandamano yalikuwa yamekatazwa. Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko ulipofika, Kenya ilifunga makanisa na kupunguza waombolezaji hadi kumi na watano, huku Rais Magufuli wa Tanzania akitangaza kanisani Dodoma kwamba nyumba za ibada hazitafungwa. Waliozika ndugu zao Kenya mwaka ule watakueleza maana ya kuhesabiwa mlangoni.

Lakini shida ya kudumu zaidi imekuwa fedha. Viwanja vilipofunguka kwa siasa, wanasiasa hawakuondoka kanisani. Walirudi na bahasha za harambee, wakapewa kipaza sauti. Septemba 2021, huko Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza mwanamke kuongoza dayosisi katika Kanisa la Kianglikana Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima vigogo waliokuwapo nafasi ya kuhutubia. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikwenda mbali zaidi, akaamuru fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika parokia ya Soweto zirudishwe.

Uamuzi wa Anyolo ulikuwa sahihi, ila una gharama. Parokia isiyopokea bahasha hupangisha ukumbi wake, na ukumbi ukipangishwa kwa bei ya mjini, mjane wa mtaani hawezi kuulipia. Kwa hiyo halmashauri za walei na wazee wa kanisa wanaopanga bei mwaka huu watenge siku za wasio na kitu, waziandike kwenye kumbukumbu za kikao ili paroko mpya asizifute. Na wakiwa hapo kabatini, wazitoe rejista za zamani za ubatizo, ndoa na maziko, wazipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla mchwa hawajazimaliza. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo karatasi pekee inayoonyesha bibi alizaliwa lini na aliolewa na nani.